Nyumba Ikiingia Maji: Msaada wa Kutengeneza na Msaada wa Kuhama

Maji ya mto yakiisha kushuka, mwenye nyumba hurudi na jembe na karai. Hukuta matope ndani ya nyumba yamefika magotini, kuta zimelowa, mlango umevimba hata haufunguki, na mahindi ya ghalani yameanza kunuka. Kazi yake ya kwanza ni kutoa matope. Hata hajamaliza, watu huanza kumjia na maneno. Mmoja humwambia, "Tengeneza upesi, tumeambiwa mabati yatakuja." Mwingine humwambia, "Usiguse kitu, tutahamishwa sote na kulipwa." Na yule mwenye jembe hajui amsikilize nani.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo. Misaada hiyo inayotajwa ni miwili, na haifanani. Msaada wa kutengeneza nyumba hukusaidia ubaki mahali pako. Msaada wa kuhama, hasa ule ambao serikali ya mahali huinunua nyumba yako pamoja na kiwanja chake, hukutoa hapo usirudi kujenga tena. Kila mmoja una hesabu yake na masharti yake, na fedha uliyopokea katika huu wa kwanza yaweza kukatwa katika ule wa pili. Jambo hili wengi hulijua siku ya kulipwa, wakati limekwisha kuwa hasara.

Sisi katika Kenya si wageni wa mafuriko. Wazee wanakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 1961, zilizofuatwa na kupanda kwa Ziwa Victoria hata mashamba ya pwani yake yakamezwa. Na mwezi wa Mei 2020 ziwa hilo lilifika tena kimo kama kile cha 1964. Kuna mvua za El Nino za 1997 na 1998, na masika ya 2024. Watu wa Budalang'i, wa Kano na wa Mto Tana hawahitaji kuelezwa matope ni nini. Lakini habari ya serikali ya mahali kununua nyumba za kijiji kizima ili watu wapande juu haijazoeleka kwetu, kwa hiyo yafaa tuitazame mahali ilipofanywa tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali penyewe ni Marekani, tena ni kijiji cha wakulima.

KIJIJI CHA VALMEYER

Valmeyer kiko katika Jimbo la Illinois, upande wa kusini wa mji mkubwa wa St. Louis, katika bonde la mto Mississippi. Udongo wa bonde hilo ni mzuri sana kwa mahindi na soya, nao uliletwa na mto wenyewe, kama vile udongo wa Nzoia na wa Tana ulivyoletwa na mito yake. Mwaka 1993 kijiji kilikuwa na watu karibu 900. Katika miaka ya 1940 maji yaliingia zaidi ya mara moja, kisha tuta kubwa la udongo likainuliwa kuuzuia mto, na tangu hapo watu wakalala bila wasiwasi. Walijenga shule, makanisa na maduka. Mtoto aliyezaliwa baada ya tuta alikua, akaoa, akajenga nyumba yake papo hapo chini.

Mwaka huo wa 1993 mvua ilinyesha miezi mingi katikati ya Marekani. Tarehe 1 Agosti kipimo cha mto huko St. Louis kilisoma karibu futi 50, na hapo futi 30 tu ndio mwanzo wa mafuriko. Tuta lilivunjika upande wa juu wa bonde, na maji yakashuka mpaka Valmeyer. Watu walikuwa wameondoka mapema na hivyo waliokoka, lakini nyumba zilibaki. Mwezi wa Septemba maji yaliingia tena. Yalipokwisha, zaidi ya majengo 9 katika kila 10 yalikuwa yameharibika.

Sasa sikiliza jinsi kanuni moja ilivyowabana. Kijiji kilichojiunga na mpango wa Serikali Kuu ya Marekani wa bima ya mafuriko kilikuwa kimekubali sharti hili: ikiwa gharama ya kutengeneza nyumba inafika nusu ya thamani ya jengo lilivyokuwa kabla ya maji, nyumba hiyo hairuhusiwi kutengenezwa vivi hivi na kukaliwa. Ni lazima iinuliwe mpaka juu ya kimo cha mafuriko makubwa, yaani yale ambayo kila mwaka yana nafasi moja katika 100 ya kutokea. Mtu akishindwa kuiinua, hana ruhusa ya kuijenga tena. Sharti hili ni kali, na mwenye nyumba aliyezoea kutengeneza kwa mikono yake huliona kama adhabu juu ya msiba. Lakini bila sharti hilo fedha ya watu wote ingelipia ukuta ule ule kila baada ya miaka michache.

Basi watu wa Valmeyer walikuwa na njia tatu. Kila mtu aweze kuinua nyumba yake kwa gharama kubwa. Au kila mtu achukue fedha yake aende atakako, na kijiji kife. Au wahame wote pamoja. Walikutana na kushauriana, wakiongozwa na meya wao wa wakati ule, Dennis Knobloch. Wengi walichagua kuhama pamoja. Palipatikana ardhi ya ekari 500 juu ya kilima, mwendo wa maili mbili hivi, juu ya bonde kwa futi 400. Wenyeji wenyewe waliingia katika kamati za kupanga kijiji kipya.

Lakini usidhani kwamba walihama mwezi uliofuata. Nyumba za kwanza zilipata watu mwaka 1995. Katika muda huo watu walikaa katika nyumba za muda zilizoletwa na Serikali Kuu, au kwa ndugu zao, na wako waliochoka kungoja wakanunua mahali pengine wasirudi. Tena Valmeyer huhesabiwa miongoni mwa waliokwenda upesi. Mahali pengine Marekani ununuzi wa nyumba moja tu umechukua miaka kadhaa, na wakati huo mwenye nyumba hulipa kodi ya chumba huku nyumba yake ikioza.

Leo kijiji cha juu kipo. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilikuta watu 1,263, yaani wengi kuliko kabla ya mafuriko.

HESABU YA UNUNUZI

Mnunuzi katika mpango huu si Serikali Kuu, bali ni serikali ya mahali: halmashauri ya kijiji, mji au kaunti. Ndiyo inayoomba fedha, ndiyo inayozungumza na mwenye nyumba, na ndiyo inayoandikwa katika hati ya kiwanja baada ya kununua. Fedha nyingi hutoka juu. Kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 3 Desemba 1993, Serikali Kuu iliweza kutoa hadi robo tatu, na robo iliyobaki ikatafutwa na jimbo na serikali ya mahali. Baada ya mafuriko hayo ya 1993 zaidi ya nyumba na viwanja 10,000 katika bonde la Mississippi na mito yake vilinunuliwa au kuhamishwa kwa njia hii.

Bei huweza kupimwa kwa thamani ya nyumba na kiwanja kabla ya maji kuingia. Jambo hili ni kubwa. Nyumba iliyojaa matope haina bei sokoni. Mlanguzi akija wiki ya mafuriko atakupa senti. Bei ya kabla ya maji humwezesha mtu kununua au kujenga mahali pengine.

Lakini kutoka katika bei hiyo hukatwa kila fedha uliyokwisha kupewa kwa ajili ya hasara ile ile, maana serikali hairuhusiwi kulipa jambo moja mara mbili. Tufanye mfano, kwa shilingi ili ueleweke. Nyumba na kiwanja vya mtu vilikuwa na thamani ya Sh. 600,000 kabla ya maji. Baada ya mafuriko alipewa Sh. 100,000 za kutengeneza. Akanunua mbao, saruji na misumari, akalipa fundi. Mwaka wa pili halmashauri ikaja kununua. Ikiwa ana risiti za Sh. 100,000 zote kwamba zilitumika kutengeneza nyumba hiyo, hakatwi kitu, atalipwa Sh. 600,000. Ikiwa ana risiti za Sh. 70,000 tu, zile 30,000 zisizo na ushahidi hukatwa, naye hupata Sh. 570,000. Na ikiwa hana risiti hata moja, hupata Sh. 500,000, hata kama kila mtu kijijini alimwona akipiga misumari kwa mikono yake.

Watu wengi huko wameumia hapo. Hawakuiba fedha. Waliitumia kwa chakula, karo na kodi ya chumba, au waliitumia kwa nyumba kweli lakini karatasi zikatupwa pamoja na takataka za matope.

Na mpangaji? Yeye hana kiwanja cha kuuza, lakini akitolewa kwa sababu mwenye nyumba ameuza, kanuni za Marekani humpa msaada wake wa kuhama na wa kodi ya mahali papya. Wapangaji wengi hawakuulizia, kwa sababu mikutano iliitwa ya "wenye nyumba".

KIWANJA BAADA YA KUNUNULIWA

Ununuzi huu ni wa hiari. Halmashauri haiwezi kumlazimisha mtu kuuza katika mpango huu, na huko Valmeyer wako wachache waliobaki chini. Lakini mtu akiisha kuuza, mambo hayarudi nyuma. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2007, jengo huondolewa ndani ya siku 90 baada ya kuuziana, na hati ya kiwanja huandikwa sharti la milele kwamba hapatajengwa nyumba tena. Pawe mahali pa wazi, maji yapate njia.

Mkulima aangalie sana sehemu inayofuata. Kiwanja hicho cha wazi huweza kulimwa na kulishwa mifugo. Kanuni zinaruhusu. Na mashamba makubwa ya bondeni hayakununuliwa. Wakulima wa Valmeyer waliendelea kulima chini huku wakilala juu. Ukienda huko utaona barabara za kijiji cha zamani zingali zimekatana, na mahali palipokuwa na nyumba kuna majani na mahindi.

Naona hili ndilo fundisho kubwa kwetu, kuliko fedha yenyewe. Mtu wa Budalang'i au wa Kano akisikia neno "kuhama" hudhani anaambiwa auache udongo unaomlisha. Mafuriko yanayoua watoto na kuangusha nyumba ndiyo yale yale yanayoleta rutuba. Nyumba na shamba si kitu kimoja, na shauri la nyumba laweza kufanywa peke yake. Kutembea maili mbili kwenda kupalilia ni taabu, sikatai, na mahindi yasiyolindwa usiku yana adui zake. Lakini ni taabu ya namna nyingine.

MAMBO YALIVYO KATIKA KENYA

Katiba ya 2010, katika Nyongeza ya Nne, imezipa serikali za kaunti kazi za nyumba, mipango ya ardhi na kushughulikia maafa. Maafa ni kazi ya Serikali Kuu pia. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Kwa hiyo ukiomba msaada wa mabati au wa kutengeneza, si makosa kuanzia kwa msimamizi wa wadi na chifu, maana majina huandikwa huko. Tena kuna sheria ya mwaka 2012 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi, nayo inawahesabu waliofukuzwa na maafa kama mafuriko.

Ama kuhusu ardhi, Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema kwamba Serikali haiwezi kuchukua mali ya mtu ila kwa faida ya umma, na kwa kulipa fidia ya haki, kamili, bila kukawia. Kifungu hicho kinaruhusu pia fidia kwa mtu anayekaa kwa nia njema hata kama hana hati. Kazi ya kutwaa ardhi kwa lazima na kupima fidia hupitia Tume ya Taifa ya Ardhi.

Fedha ya kuhama ni kitu kingine. Mwezi wa Mei 2024, watu waliokaa kando ya mito ya Nairobi walipoambiwa waondoke, Serikali ilitangaza Sh. 10,000 kwa kila nyumba ya walioathirika. Hiyo ilikuwa fedha ya kumsaidia mtu kupata mahali pa kulala, wala haikuwa bei ya kiwanja wala ya nyumba. Basi katika baraza, msaada wowote ukitajwa, simama uulize kwa adabu: Fedha hii ni ya kutengeneza, ni ya kuhama, au ni bei ya ardhi? Nikiipokea nitatia sahihi karatasi gani? Hati ya kiwanja itabaki kwa nani? Chifu mzuri hatakasirika kwa maswali hayo, na jirani zako watakushukuru.

KABLA HUJAPIGA MSUMARI

Kabla ya kuosha kuta, chukua mkaa au rangi, piga mstari mahali maji yalipofika, uandike tarehe. Piga picha kwa simu, ndani na nje, kila chumba, na ghala, na choo. Mstari huo una kazi mbili. Ni ushahidi wa hasara, tena ni kipimo cha fundi: sakafu mpya ikikaa chini ya mstari, umejenga kwa ajili ya mafuriko yajayo.

Acha kuta zikauke. Ukuta wa udongo uliolowa huonekana mzima huku miti yake imeoza mguuni. Chimba kidogo, usukume kila nguzo kwa mkono, na inayocheza ibadilishwe. Usipake plasta juu ya ukuta mbichi, kwa maana unyevu hufungiwa ndani, na plasta itabanduka. Maji ya kisima yachemshwe mpaka kisima kisafishwe na kutiwa dawa na watu wa afya.

Na ikiwa hujui bado kama utabaki au utahama, tengeneza kwa vitu vinavyobebeka. Mabati, milango, madirisha na mbao nzuri hufunguliwa na kupandishwa juu ya gari. Sakafu ya saruji haihami. Nimeona mtu aliyetumia fedha yake yote kwa sakafu, akaiacha msimu uliofuata, na jirani yake aliyenunua mabati akaezeka nayo nyumba ya pili huko juu. Risiti za vyote zitiwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa nje ya bonde, kwa ndugu au kwa mwalimu. Zipige picha pia, maana wino wa risiti za siku hizi hufutika.

Liko jambo la makaburi. Watu wengi hawataki kuondoka kwa sababu wazazi wao wamelala hapo, nao si wajinga. Likitajwa shauri la kununua au kutwaa ardhi, suala la makaburi lisemwe siku ya kwanza na liandikwe: yatabaki, na nani atakuwa na ruhusa ya kuyafikia? Likiachwa mwisho, shauri lote huvunjika hapo.

La mwisho ni hati yenyewe, na hapa ndipo watu wetu wengi wamefungwa. Anayenunua au kulipa fidia humtafuta mwenye ardhi, na hati nyingi katika mabonde yetu zingali na jina la babu aliyekufa zamani. Wajukuu sita wanakaa juu ya ardhi hiyo, kila mmoja na nyumba yake, lakini katika rejista hakuna hata mmoja wao. Siku ya malipo ndugu hugombana, na fedha hukaa kortini. Tena hata ikiwa jina ni lako, sheria ya mali ya ndoa ya 2013 haikuruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila kibali cha mwenzako. Mke ahudhurie mkutano, asiletewe habari jioni.

Kesi ya urithi haingoji mafuriko. Huanza kwa cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, pamoja na mabinti walioolewa, ambao sheria huwatambua kama wana wengine. Kiangazi hiki, wakati mto uko chini na ndugu wanasemezana vizuri, ndio wakati wa kwenda kuiomba barua hiyo.